Kwa nini wanafunzi wa sekondari hufanya vibaya kwenye sayansi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Matokeo yakitoka, maswali huwa ni yale yale. Mzazi anauliza mtoto amekosea wapi, mwanafunzi anajiuliza kama ana akili za kutosha, na mwalimu anashangaa kwa nini mada aliyoirudia mara tatu haikuonekana kwenye karatasi za majibu. Majibu yaliyomo humu yanahusu fizikia, kemia na baiolojia kwa ngazi ya sekondari, na yote yanasimama juu ya jambo moja: mtu hafeli sayansi nzima kwa mpigo. Anafeli mahali fulani, na mahali hapo panaweza kutafutwa hadi pakaonekana.

Je, hili ni tatizo la shule zenye uhaba tu?

Hapana. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2022, ambayo huendeshwa na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) kwa vijana wa miaka 15, karibu robo ya wanafunzi wa nchi wanachama hawakufikia kiwango cha msingi cha sayansi. Nchi hizo nyingi ni tajiri, na kiwango chenyewe si cha juu hata kidogo: mwanafunzi anatakiwa atambue maelezo sahihi ya jambo la kisayansi lililozoeleka, na aweze kuona, kwa mifano rahisi, kama hitimisho linaungwa mkono na takwimu alizopewa.

Uhaba wa walimu, vitabu na vifaa huongeza mzigo, tena sana. Lakini shule iliyo na kila kitu nayo inaweza kutoa watoto wasioelewa, na ndiyo maana hatuwezi kumaliza mjadala kwa kusema "vifaa hakuna".

Si ni kweli kwamba kuna watoto wenye kichwa cha sayansi na wengine hawana?

Watoto hutofautiana kasi ya kushika mambo, hilo halina ubishi. Lakini tofauti kubwa tunayoiona darasani mara nyingi inatokana na kile ambacho mtoto alishakijua kabla ya somo kuanza.

Akili ya binadamu yeyote ina sehemu finyu ya kushikilia mambo mapya kwa wakati mmoja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria vitu saba hivi. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akaonyesha kuwa ni vichache zaidi, kama vinne. Mtoto ambaye tayari anajua kusoma mlinganyo wa kemia anauona kama kitu kimoja. Asiyejua anaona herufi, namba ndogo za chini, namba kubwa za mbele, mshale na alama za kujumlisha, na nafasi yake imejaa kabla mwalimu hajaanza kueleza jambo lenyewe.

Mwaka 1981 Michelene Chi na wenzake waliwapa wataalamu wa fizikia na wanafunzi wanaoanza maswali yale yale, wakawaambia wayapange kwa makundi. Wanaoanza walipanga kwa sura ya nje: haya ya mteremko, haya ya springi. Wataalamu walipanga kwa kanuni inayotatua swali, kwa mfano uhifadhi wa nishati, hata kama michoro haikufanana kabisa. Kinachoitwa kipaji, kwa sehemu kubwa, ni maarifa yaliyokwisha kupangika. Nawaomba wazazi wasitamke mbele ya mtoto kwamba "sisi kwenye ukoo wetu sayansi hatuiwezi". Mtoto analichukua neno hilo kama ruhusa ya kuacha kujaribu, na akishaacha, hata mwalimu mzuri anakuta mlango umefungwa.

Mwanangu anafaulu historia na lugha vizuri. Kwa nini sayansi inamshinda?

Kwa sababu sayansi inamtaka afikiri kwa ngazi tatu kwa wakati mmoja, na mara nyingi hakuna anayemwambia kuwa anahamishwa kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Alex Johnstone, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Glasgow, alilieleza hili vizuri mwaka 1991, na mimi sijaona maelezo yaliyo bora kuliko hayo kwa ugumu wa kemia.

Chukua utepe wa magnesiamu unaowashwa moto. Ngazi ya kwanza ni ile ya macho: mwanga mweupe mkali, kisha unga mweupe. Ngazi ya pili haionekani: kila atomi ya magnesiamu inatoa elektroni mbili, na atomi ya oksijeni inazipokea. Ngazi ya tatu ni ya maandishi: 2Mg + O₂ → 2MgO. Mwalimu anayejua kemia huruka kutoka ngazi hadi ngazi ndani ya sentensi moja bila hata kujisikia. Mwanafunzi anayemsikiliza ameona mwanga, ameona alama ubaoni, na pale katikati palipo na atomi hapajui. Akiulizwa kwa nini kuna 2 mbele ya Mg, atasema "ili mlinganyo ubalansi". Hiyo ni kweli, ila haonyeshi kwamba anajua kuwa molekuli moja ya oksijeni ina atomi mbili, na kwamba kila moja inahitaji atomi yake ya magnesiamu.

Sababu nyingine ni kwamba mada za sayansi hubebana. Mwanafunzi aliyekosa darasa la vita fulani kwenye historia bado anaweza kuelewa sura inayofuata. Aliyekosa muundo wa atomi ataikosa pia mada ya jinsi atomi zinavyoungana, ya asidi na bezi, na ya kuchanganua kemikali kwa umeme. Ndiyo maana mtoto anaweza kufanya vizuri mwaka wa kwanza kisha akaporomoka mwaka wa tatu, na kila mtu akatafuta sababu kwenye mwaka huo wa tatu.

Hisabati inahusika kwa kiasi gani?

Kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Utafiti wa Philip Sadler na Robert Tai uliochapishwa mwaka 2007 kwa wanafunzi wa Marekani ulionyesha kwamba waliosoma hisabati zaidi wakiwa sekondari walifanya vizuri zaidi chuoni katika baiolojia, kemia na fizikia, masomo yote matatu.

Tazama swali moja la kawaida la kemia. Gramu 8 za hidroksidi ya sodiamu (NaOH) zimeyeyushwa kwenye maji hadi kupata mililita 250 za myeyusho. Tafuta ukolezi wake, yaani kiasi cha NaOH kilichomo katika kila lita, kwa moli kwa lita (moli ni kipimo cha wakemia cha kiasi cha dutu). Sehemu ya kemia inaishia mapema: mwanafunzi ajue kwamba moli moja ya NaOH ni gramu 23 + 16 + 1, yaani 40, na ajue maana ya ukolezi. Kuanzia hapo ni hesabu. 8 gawanya kwa 40 ni moli 0.2. Mililita 250 ni lita 0.25. 0.2 gawanya kwa 0.25 ni moli 0.8 kwa lita.

Sasa angalia majibu yasiyo sahihi, maana kila moja lina hadithi yake. Aliyeandika 0.0008 aligawanya kwa 250. Anaijua kanuni, ila vipimo havimtulii. Aliyeandika 0.05 alizidisha badala ya kugawanya. Kanuni ameikariri bila kujua ukolezi ni nini. Na kuna yule anayehuzunisha kuliko wote: alipata 0.8, akashtuka kwamba amegawanya na kupata namba kubwa kuliko aliyoanza nayo, akafuta. Huyo kemia anaijua vizuri kabisa. Kinachomwangusha ni desimali, jambo la shule ya msingi. Wote watatu wameandikiwa "kemia: amefeli", na wote watatu watapewa kitabu kile kile cha kemia wakasome upya.

Kwenye fizikia vinavyoangusha zaidi ni kubadilisha mada ya kanuni (kuipanga upya ili kinachotafutwa kibaki peke yake upande mmoja), uwiano, vipeo vya kumi na kusoma grafu. Mwalimu wa fizikia na wa hisabati wakikaa pamoja kabla ya muhula kuanza, wakapanga mada hizo zitangulie kwenye hisabati kabla hazijahitajika kwenye fizikia, faida yake ni kubwa na haigharimu chochote.

Nikisoma naelewa, darasani naelewa, lakini kwenye mtihani kila kitu kinapotea. Nina tatizo gani?

Huna tatizo la kichwa. Njia unayosomea inakupa hisia ya kuelewa kabla kuelewa kwenyewe hakujafika.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika lililokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka kama asilimia 40, na waliojipima wenyewe kama asilimia 61. Jambo la kulizingatia ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Darasani hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walilinganisha wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mhadhara uliopangwa vizuri na wale waliotumia kipindi kutatua maswali kwa vikundi. Waliosikiliza walisema wamejifunza zaidi. Mtihani ukaonyesha waliotatua maswali ndio waliojifunza zaidi. Maelezo laini hufurahisha, na furaha hiyo ni rahisi kuidhania kuwa ni ujuzi.

Kwa hiyo badili utaratibu. Soma mada, funga daftari, chukua karatasi tupu na uandike unachokumbuka: mchoro wa moyo pamoja na mwelekeo wa damu, hatua za usanisinuru (jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga), kanuni za Newton kwa maneno yako. Fungua daftari, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Itakuchosha na utajiona hujui kitu. Endelea hivyo hivyo. John Dunlosky na wenzake, walipopitia mwaka 2013 njia kumi ambazo wanafunzi hutumia kujisomea, waliona kujipima na kusoma kwa vipindi vilivyoachana ndizo njia mbili zenye faida kubwa. Kurudia kusoma na kupigia mistari chini ya maneno, yaani zile zinazopendwa zaidi, ziliwekwa kwenye kundi la faida ndogo.

Kwa maswali ya hesabu kuna hatua moja ya kutangulia. Kama mada ni mpya kabisa, anza na mfano uliotatuliwa mwanzo hadi mwisho. Usome mstari kwa mstari ukijiuliza kwa nini kila mstari umefuata uliotangulia, kisha ufunike na uufanye mwenyewe. John Sweller alionyesha miaka ya 1980 kwamba anayeanza hujifunza vizuri zaidi kwa mifano iliyotatuliwa kuliko kwa kutupiwa maswali magumu na kuachwa ahangaike.

Mbona mwanafunzi anafundishwa sahihi, anaandika sahihi kwenye daftari, halafu anajibu vingine kabisa?

Kwa sababu haji darasani akiwa mtupu. Anakuja na nadharia zake kuhusu ulimwengu, amezijenga tangu utotoni, na nyingi zinamfaa katika maisha ya kila siku. Maelezo ya mwalimu hukaa juu ya nadharia hizo bila kuziondoa.

Waulize wanafunzi swali hili: mpira umerushwa wima kwenda juu, ukifika kileleni, kabla haujaanza kushuka, ni kani gani, yaani nguvu gani za kusukuma au kuvuta, zinaufanyia kazi? Wengi watasema kuna kani ya mkono iliyobaki ndani ya mpira. Wengine watasema hakuna kani yoyote kwa kuwa mpira umesimama. Ukiuacha upande ukinzani wa hewa, kani ni moja tu tangu mpira unapotoka mkononi hadi unaporudi, nayo ni ya uvutano. Hata pale kileleni, mwendokasi ukiwa sifuri, mchapuko, yaani kiasi ambacho mwendo hubadilika kila sekunde, ni ule ule wa mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde, kuelekea chini. Ukitaka kumtikisa aliyesema hakuna kani, muulize: basi ni nini kitakachoufanya ushuke? Mwache anyamaze kidogo. Ukimya huo ni wa thamani; usiukimbilie kuujaza kwa jibu.

Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake wa Arizona walitunga mtihani wa maswali ya namna hii, ambamo majibu potofu yalitokana na yale ambayo wanafunzi wenyewe huyasema. Richard Hake alikusanya matokeo ya mitihani ya namna hiyo kutoka kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,000 na kuyachapisha mwaka 1998. Katika kozi za kusikiliza tu, wanafunzi walipata wastani wa chini ya robo ya kile ambacho walikuwa bado hawakijui. Katika zile za kujadiliana na kupimana papo hapo, walipata karibu nusu.

Baiolojia nayo ina yake. Waulize wanafunzi mti mkubwa umepata wapi uzito wake, na wengi watasema kwenye udongo, hata waliokariri mlinganyo wa usanisinuru neno kwa neno. Jan Baptist van Helmont, daktari na mkemia wa karne ya 17, aliwahi kulichunguza jambo hili kwa mikono yake: alipanda mche wenye ratili 5 (ratili moja ni karibu nusu kilo) kwenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti ukafika ratili 169, na udongo ukapungua wakia 2 tu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Yeye alihitimisha kwamba uzito wote ni wa maji, naye hakufika, kwa sababu sehemu kubwa ya mbao ni kaboni iliyotoka kwenye kabonidayoksaidi ya hewani. Mwanafunzi akijua kwamba mtu makini kama huyo alipima kwa uangalifu na bado jibu halikutimia, anaona kwamba kukosea kwake kunafikirika na kunaweza kurekebishwa.

Lugha ya kufundishia ina mchango gani?

Mkubwa, hasa pale mtoto anapobadilishiwa lugha anapoingia sekondari. Jim Cummins wa Kanada alitofautisha tangu mwaka 1979 lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya mazungumzo mtoto huimudu ndani ya miaka miwili hivi. Ya masomo humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake wanaoizungumza tangu kuzaliwa. Muda huo ni sawa na sekondari nzima au zaidi.

Hong Kong ni mfano uliopimwa vizuri. Herbert Marsh na wenzake walichapisha mwaka 2000 utafiti uliofuatilia maelfu ya wanafunzi wa sekondari, na wakakuta kwamba waliohamishiwa kusoma kwa Kiingereza walirudi nyuma sana katika sayansi, historia na jiografia wakilinganishwa na waliofundishwa kwa Kichina.

Mwalimu hana mamlaka ya kubadili sera ya lugha, lakini ana nafasi ya kutosha ndani ya kipindi chake. Awaache wanafunzi wajadili jambo kwanza kwa lugha wanayoifikiria, kisha waliandike kwa lugha ya mtihani. Awafundishe pia maneno ya kuamrisha ya maswali. Kuna wanafunzi wanaoambiwa "eleza kwa nini" wakataja tu, na wanaoambiwa "linganisha" wakaeleza upande mmoja na kuusahau wa pili. Wanalijua jambo, ila hawakusoma walichoulizwa.

Shule haina maabara. Kuna njia?

Ipo, na kuwa na maabara peke yake si dawa. Ian Abrahams na Robin Millar walifuatilia vipindi 25 vya majaribio katika shule za Uingereza, wakachapisha walichokiona mwaka 2008. Wanafunzi waliweza kufuata maelekezo na kupata matokeo yaliyotarajiwa. Kilichokosekana ni kuyahusisha matokeo hayo na dhana iliyokusudiwa. Vipindi vilitumia muda mwingi kwa mikono na muda mchache mno kwa kufikiri.

Jaribio la uzi na jiwe linafundisha mengi kuliko vifaa vya bei kubwa vinavyotumika bila mjadala. Funga jiwe kwenye uzi, ulining'inize, pima urefu kutoka pale uzi ulipofungwa hadi katikati ya jiwe. Kwa urefu wa sentimita 25, bembeo moja la kwenda na kurudi huchukua karibu sekunde 1. Kabla ya kurefusha uzi, waulize: tukitaka sekunde 2, tuufanye uwe na urefu gani? Wengi watasema sentimita 50. Wapime. Watapata kama sekunde 1.4, na hawataelewa. Endeleeni hadi mita moja, ndipo sekunde 2 zitimie. Hesabu muda wa mabembeo 20 kisha gawanya, ili kosa la kubonyeza saa lisitawale. Katika kipindi hicho kimoja wamekisia, wamepima, wamekosea, wamepunguza makosa ya vipimo, na wakichora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu watapata mstari ulionyooka.

Dai la maabara liendelee kudaiwa, kwa nguvu. Kuna mambo ya kemia ambayo hayafai kufanywa bila vifaa na usalama wake, na mtihani wa vitendo hauwezi kuandaliwa kwa maneno matupu.

Mwalimu anahusika kwa kiasi gani?

Sana, ila lawama nyingi zinazotupwa kwake hazigusi mahali penyewe. Kujua somo ni lazima. Juu ya hilo kuna ujuzi wa pili: kujua wanafunzi watakosea vipi. Philip Sadler na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti ambamo walimu wa sayansi waliulizwa maswali mawili kwa kila kipengele: jibu sahihi ni lipi, na jibu potofu ambalo wanafunzi watalichagua zaidi ni lipi. Pale ambapo dhana potofu ina nguvu, wanafunzi wa walimu waliojua yote mawili ndio waliopiga hatua.

Ujuzi huo hupatikana kwa kusahihisha madaftari kwa jicho la kuuliza, na mwalimu mwenye wanafunzi mia kwenye chumba kimoja hapati muda huo. Anayetaka matokeo ya sayansi yapande aanzie kwenye mzigo wa mwalimu huyu kabla ya kumpeleka semina nyingine.

Na kuhusu alama: Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi waliorudishiwa kazi yenye maoni pekee waliboresha kazi yao, kuliko waliopewa alama pekee au alama pamoja na maoni. Mtoto akiona namba, maoni hayasomi. Angalau kwa mazoezi ya kawaida, namba inaweza kusubiri.

Wasichana hawaiwezi sayansi?

Wanaiweza. Katika PISA ya 2022, kwa wastani wa nchi za OECD, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya wavulana na wasichana kwenye sayansi. Tofauti hutokea kwenye nani anatiwa moyo kuendelea. Angalia meza ya majaribio: nani ameshika vifaa na nani ameachiwa kuandika matokeo? Wakibadilishana kila kipindi, hilo limetatuliwa.

Nimpeleke twisheni?

Inategemea anachokwenda kufanyiwa. Twisheni inayorudia maelezo ya darasani kwa kasi zaidi inampa ile ile hisia ya kuelewa. Inayomfaa ni ile ambayo mwalimu anamwangalia akitatua swali, anamsimamisha pale anapoteleza, na kumuuliza alikuwa anafikiria nini. Mara nyingi wanafunzi wawili au watatu wanaofundishana kwa zamu hupata faida hiyo bila malipo.

Kufanya mitihani iliyopita kunafaa pia, kwa sharti kwamba mwanafunzi aandike jibu lake kabla ya kuangalia la kwenye kitabu. Kukariri majibu yake ni kukremu tu, na swali likigeuzwa kidogo hana pa kushika.

Kusoma usiku kucha kunasaidia?

Hakusaidii. Chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya usingizi kilipendekeza mwaka 2016 saa 8 hadi 10 za usingizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na usingizini ndiko kumbukumbu za mchana hukomaa.

Mimi mzazi sikusoma sayansi. Nitamsaidiaje?

Mwambie akufundishe. Kaa naye robo saa, mwambie akueleze kwa nini barafu inaelea juu ya maji au kwa nini damu inarudi kwenye moyo mara mbili katika mzunguko mmoja, na umuulize "kwa nini" kila anapotumia neno ambalo hulielewi. Huhitaji kujua jibu. Akikwama, atajua mwenyewe pa kwenda kusoma. Kutojua kwako kunakusaidia hapa, kwa sababu hutaridhika na istilahi.

Muda uliobaki ni mfupi. Aanzie wapi?

Asianze na ukurasa wa kwanza wa kitabu. Achukue karatasi za mitihani yake miwili au mitatu ya mwisho, zile zilizosahihishwa, na apitie kila alama iliyopotea akiandika pembeni sababu yake: sikujua kabisa, nilijua lakini hesabu, sikuelewa swali, nilikuwa na dhana nyingine, muda uliniishia. Afanye hivyo kwa kila alama, hata nusu alama.

Akimaliza, ahesabu. Wengi hushangaa kuona "sikujua kabisa" si ndilo fungu kubwa. Likiwa kubwa ni la hesabu, wiki inayofuata ni ya desimali, vipimo na kubadilisha mada ya kanuni, hata kama mtihani ni wa kemia. Likiwa la kutoelewa swali, achukue maswali kumi na kabla ya kujibu aandike kwa sentensi moja anachoulizwa. Likiwa la dhana nyingine, ampelekee mwalimu swali hilo pamoja na jibu lake lenyewe, amwambie alifikiri nini, maana mwalimu hawezi kukiona asichoonyeshwa. Na kama kweli fungu kubwa ni "sikujua kabisa", arudi nyuma kwenye mada zinazobeba nyingine: muundo wa atomi na moli kwa kemia, kani na nishati kwa fizikia, seli kwa baiolojia. Baada ya wiki tatu au nne afanye karatasi nyingine na apange tena sababu zake kwa mafungu yale yale.